Mikwaruzo ya Msumari kwenye Makopo ya Wifi

Wifi yangu hajui kuuza. Nalisema hilo mwanzoni kabisa, maana mengine nitakayomsifia hapa yananitoka kwa shida, kama jino linalong'olewa bila ganzi.

Mteja akimfuata nyumbani kutafuta mbegu za maharage, badala ya kuisifia mali yake anaanza kuisengenya. "Haya yanachelewa kuiva. Haya yana ganda gumu. Haya mwaka juzi yalinitia aibu, karibu niyatimue." Mteja anabaki mdomo wazi, hajui kama anauziwa au anaonywa. Halafu ananunua. Msimu ukirudi naye anarudi, na njiani anapita mbele ya kibanda changu mimi ninayejua kuuza, ananipungia mkono kwa adabu zote, anakwenda kwa yule asiyejua. Kwa miaka kumi na moja nimemeza mate machungu kwa sababu ya mikono hiyo inayonipungia.

Watu wanamwita Makopo. Mimi wananiita Bei Moja, jina nililolipata sokoni nikiwa bado nauza mbegu juu ya gunia lililotandikwa chini, kabla sijapata meza, na kabla meza haijapata paa. Kibanda changu sikurithi. Nilikijenga ubao kwa ubao, na kila ubao niliubishania mpaka mwenye mbao akaomba maji. Makopo aliolewa na mdogo wangu, fundi wa kuchomelea vyuma, akaja nyumbani kwa mama yetu na begi moja la nguo na mfuko mkubwa uliokuwa ukilia kang'kang' kila akipiga hatua. Tulipoufungua tukakuta makopo matupu. Ya maziwa ya unga, ya rangi, ya mafuta ya kupikia, moja lililowahi kuwa la biskuti.

"Mdogo wangu," nikamwambia bwana harusi pale pale, "umeoa au umefungua biashara ya vyuma chakavu?"

Mama alicheka. Mwenyewe Makopo naye alicheka, na hilo lilinikera, maana kijembe ambacho mwenyewe anakifurahia ni kijembe kilichopotea bure.

Makopo hayo aliyapanga kwenye rafu za stoo ya mbegu ya mama, chumba kidogo nyuma ya jiko chenye mlango wa bati na kufuli la shaba. Ufunguo wake ulikaa kwenye pindo la nguo ya mama, umefungwa fundo. Chumba chenyewe kilinuka majivu na maganda makavu, panya walikiogopa, na kila mvua zilipokaribia, mtaa mzima wa wakulima ulikuja kugonga lile bati. Mama alikuwa akiwagawia mbegu tangu mimi sijaota meno ya pili. Kibanda changu kilikuwa duka, sawa, lakini stoo ile ilikuwa jina. Ukitaja mbegu mtu haulizi soko liko wapi, anauliza mama yuko nyumbani.

Nami nililitaka jina hilo kuliko nilivyowahi kutaka mume.

Basi siku moja baada ya chakula cha mchana mama akanyoosha miguu kwenye mkeka akasema, "Magoti yangu yamestaafu kabla yangu. Nataka kuukabidhi ufunguo."

Nilinyanyuka nusu. Mtoto wa kwanza wa kuzaa ni mimi, mfanyabiashara ni mimi. Kichwani nilikuwa nimeshapima ukuta wa stoo, pale nitakapokata dirisha la kuuzia.

"Kaa," mama akasema. "Shamba la nyuma ya nyumba ni moja na ninyi mko wawili. Ligaweni katikati. Misimu mitatu kila mmoja apande mbegu yake apendavyo. Baada ya hapo nitajua nani wa kumpa."

"Mama, mimi ni mwanao!"

"Ndiyo, na kukuzaa nilikuzaa bila mashindano. Stoo si tumbo."

Makopo alikuwa anakusanya sahani. Lakini nilimwona akitazama lile fundo, akatazama chini haraka, na nikajua kuwa mwenzangu naye anautaka. Afadhali. Kushindana na mtu asiyetaka ni sawa na kubishana bei na mtu asiye na nia ya kununua.

Msimu wa kwanza nilipanda nyekundu yangu, mbegu iliyokuwa imejaa mashamba mengi wakati huo. Nataka ueleweke uzuri wa maharage yale: niliyachambua kwa mkono punje baada ya punje, kila iliyokuwa na kasoro nikaitoa, mpaka yakabaki yanafanana kama vifungo vilivyotoka kiwanda kimoja. Yaliota siku moja, yakatambaa pamoja, yakatoa maua wiki moja. Mtu akipita barabarani alisimama. Upande wa pili wa kamba tuliyogawia shamba, Makopo alikuwa amemimina makopo yake yote kwenye beseni moja, akakoroga kwa mkono kama anayetafuta pete iliyozama, akapanda. Huku meupe manene, kule meusi, pale ya madoadoa, mengine ya rangi ambayo hata jina sina. Shamba lake lilikuwa kama kichwa kilichonyolewa na vinyozi sita.

"Wifi," nikamwita kutoka upande wangu, "hilo ni shamba au ni mitumba?"

"Mitumba, wifi," akajibu. "Huwezi kujua lipi litakutosha."

Mvua zikazidi, na kutu, ugonjwa wa majani, ikaingia. Mkulima yeyote wa maharage anaijua: vipele vidogo chini ya jani, ukipitisha kidole kinatoka na unga kama wa tofali. Upepo ukivuma, unga unahama. Kwangu ilianzia kona moja Jumatatu, na Jumatatu ya pili shamba zima lilikuwa limevaa kahawia. Ilipoupita mche mmoja ilikuwa imeipita yote, kwa sababu yote ilikuwa ni mche mmoja uliorudiwa mara elfu. Kwa Makopo iliyala mengine, ikafika kwenye ya madoadoa ikagoma. Na yale ya madoadoa yakiwa yamesimama katikati, unga ukawa unatua kwenye majani yasiyoulisha. Nusu ya shamba lake ilipona kwa kukingwa na jirani.

Yeye alivuna magunia manne. Mimi moja, na si la kujivunia.

Siku ya kupura nilikaa kwenye kizingiti nimenuna, nikamtazama anavyofanya kazi. Alitandika turubai, akayachambua maharage yote upya kwa aina, kila aina akairudisha kwenye kopo lake. Kisha, kwa ncha ya msumari, akakwaruza mstari nje ya kila kopo, pale mbegu zilipofikia kwa ndani. Yaliyozidi kopo yakaenda kwenye gunia. Kulikuwa na kopo lililopata kiganja kimoja tu mwaka ule. Nalo alilikwaruza mstari wake, karibu na kitako, akalirudisha kwenye rafu kwa heshima ile ile.

Halafu akavuka kamba akaja upande wangu, akachutama kwenye makapi yangu.

"Wifi, hizi nyekundu zilizosinyaa unazitaka?"

"Uchafu huo? Chukua. Chukua na ufagio."

Akaokota kiganja kimoja. Ufagio hakuchukua.

Wivu una faida moja, unakufanya uwe mwangalifu. Alipotoka niliingia stoo, mama akiwa bado mlangoni, nikayakagua yale makopo. Nilitafuta kitu kimoja tu, mstari wa juu kabisa wa msimu ule, na nikaupata kwenye kopo la maziwa ya unga, kopo la madoadoa, ambako mbegu zilifika hadi shingoni. Basi nikajua siri ya wifi yangu. Ana bingwa mmoja amemficha katikati ya wavivu kumi. Mtu mwenye akili angewafukuza wavivu.

Nilimfuata jikoni kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nilimsifia shamba, nikamsifia mikono, nikamsifia hata mume, ambaye ni ndugu yangu na namjua. Kisha nikaingia kwenye biashara.

"Nina turubai jipya, halijatandikwa hata mara moja. Lako limetoboka. Nipe debe moja la madoadoa, uchukue turubai."

Nilijiandaa kwa ubishi wa saa nzima. Nilikuwa tayari kuongeza na beseni.

"Chukua," akasema. "Ila wifi, usiyapande yenyewe tu. Huwa yanafika mahali yanachoka. Changanya hata na meupe."

Hapo ndipo nilipokosea, na nimelifikiria kosa hilo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Nilifanya biashara kwa miaka mingi na sijawahi kuona mtu anatoa mali bora bila kubisha, kisha anakupa na ushauri juu yake. Nikasema moyoni: huyu ana hila. Anajua kwamba madoadoa peke yake yatanipa ushindi, ndiyo maana anataka niyapunguze nguvu kwa uchafu wake. Maneno ya kweli kabisa niliyaona mtego, kwa kuwa yalitoka kwenye kinywa nisichokipenda.

Nikapanda madoadoa matupu.

Na nikashinda! Msimu wa pili kutu ilikuja tena, ikala mashamba ya jirani, ikala robo ya mchanganyiko wa Makopo, kwangu ikapita kama mgeni aliyekosea nyumba. Nilivuna mpaka nikaazima magunia. Wakulima waliopita wakinipungia mkono sasa walisimama. Nikayaita maharage yale Mshindi, nikayauza kibandani kwa maneno matamu niliyokuwa nimeyawekea akiba muda mrefu, na kaya baada ya kaya ikaja kubeba, hadi ng'ambo ya daraja. Makopo mwenyewe alikuja kunipongeza. Nilimwangalia usoni nitafute walau chembe ya kijicho, nikakosa, nikalala vibaya.

Kuna jambo moja nililolifanya msimu ule ambalo sikumwambia mtu. Karibu na kuvuna, kwenye miche ya mwisho kando ya mtaro, niliona majani mawili yenye vipele. Mawili tu. Nikayachuma, nikayatia mfukoni, nikajifuta unga kwenye sketi, nikaangalia kama kuna aliyeniona.

Msimu wa tatu, uliobeba ufunguo, eneo lote lilikuwa la madoadoa. Ukisimama darajani huoni kingine. Na kutu ilikuja, si kwa mvua nyingi hata, ilikuja kama iliyoalikwa. Ilianzia pale pale kwenye mtaro. Ndani ya wiki tatu Mshindi alikuwa amelala chini, kwangu, kwa jirani, ng'ambo ya daraja, kila mahali ambapo mkono wangu ulifika. Nilikwenda kwenye kamba nikatazama upande wa Makopo nikitumaini, nasema wazi, nikitumaini kuona kahawia. Madoadoa yake yalikuwa yamekufa kweli. Lakini katikati yake, majani mabichi yanang'aa kama yamepakwa mafuta, yamebeba maganda mpaka yameinama, kulikuwa na maharage mekundu.

Mekundu! Yangu! Kile kiganja cha makapi alikizalisha msimu wa pili, kikikingwa na majirani zake, mimi nikiwa nashangilia, na msimu wa tatu akakipanda sehemu ya kutosha. Mtoto niliyemfukuza alikuwa amekwenda kumtajirisha jirani.

Mama akaja na fimbo yake, akatembea mpaka mwisho wa kamba na kurudi. Maganda hakuyahesabu. Akatuuliza wote wawili swali moja: "Msimu ujao utapanda nini?"

Nilikuwa wa kwanza kujibu. Mfanyabiashara hasubiri. "Nyekundu, mama! Nyekundu tupu, shamba zima!"

Mama akamgeukia mwenzangu. "Na wewe, mkwe wangu?"

Makopo akakuna shingo. "Sijui, mama. Siwezi kujua kutu itakuja na sura gani. Kwa hiyo nitapanda yote."

Mkono wa mama ukaenda kwenye fundo.

"Subiri!" nikapiga kelele. "Kuna dawa hapo! Haiwezekani nyekundu ife msimu wa kwanza, ifufuke wa tatu. Amepulizia dawa kwa siri. Huo si ushindi, ni wizi!"

Mdogo wangu, aliyekuwa amekuja na miwani yake ya kuchomelea imekaa juu ya paji la uso, akasema, "Dada, umefika mbali." Makopo alijifuta mikono taratibu. Mara ya kwanza tangu aolewe nilimwona amekasirika, na alipokasirika alikuwa mzuri, hata hilo nikalionea wivu.

"Mwite Bibi Shamba," akasema. "Akague. Akikuta dawa, ufunguo uchukue, na makopo yangu nitayabeba niondoke."

Mama akaachia fundo. "Haya. Aje."

Bibi Shamba ni afisa wa kilimo wa eneo letu, mwanamke mfupi mwenye pikipiki na lenzi inayoning'inia shingoni kama kidani. Nilimwendea mwenyewe. Njiani nilimweleza kesi yote kwa namna ambayo mshtakiwa alikuwa ameshahukumiwa. Alishuka shambani, akageuza jani la nyekundu, akaliangalia kwa lenzi, akageuza la madoadoa, kisha akaniita.

"Tazama mwenyewe. Unaona vidoti hivi vyeusi kwenye nyekundu, vidogo kama alama ya kalamu?"

Nikaviona.

"Kutu imetua hapa. Imebisha hodi. Jani limeitambua, likaua kipande chake kidogo pale pale, ikafa njaa. Jani lenye dawa halipigani hivi. Huyu amepigana mwenyewe."

"Mbona msimu wa kwanza hakupigana?"

"Kwa sababu kutu hii si ile. Kila aina ya maharage ina walinzi wake, na kila mlinzi anamjua mwizi kwa alama fulani. Ile ya kwanza ilikuwa imejifunza kuwapita walinzi wa nyekundu, kwa kuwa nyekundu ndiyo ilikuwa imejaa kila mahali. Mkajaza madoadoa. Basi mwizi yeyote aliyejua kumpita madoadoa akawa ndiye anayekula, wengine wakafa njaa. Na huyo wa sasa, nyekundu inamtambua."

Mdomo wangu ulisema kabla wivu haujauziba. "Kama noti bandia."

"Vipi?"

Nikamweleza. Zamani sokoni kila mtu alikuwa na njia yake ya kuzijua. Mimi nilipapasa maandishi kwa kidole, muuza nyama aliinua noti kwenye mwanga, na mzee wa sabuni aliikunja karibu na sikio akaisikiliza. Noti bandia ikimpita mmoja ilinaswa kwa wa pili. Halafu akaja kiongozi wa soko, mtu wa maendeleo, akatufundisha wote alama moja, ule uzi unaong'aa, eti ndiyo njia bora, hizi nyingine ni za kizamani. Wote tukafuata. Wenye noti bandia wakafanya kazi moja tu, kuuiga ule uzi. Wakatulamba soko zima. Aliyepona ni mzee wa sabuni, na ni kwa sababu alikuwa mbishi.

Bibi Shamba akacheka hadi lenzi ikarukaruka. "Ningekuwa na wewe chuoni!"

"Lakini basi," nikasema, maana mtu hawezi kunifunga kirahisi, "si tutafute mbegu yenye walinzi wote? Tumalize."

"Mzee wa sabuni alikuwa anahudumia wateja wangapi kwa saa?"

Nikakumbuka. Mzee wa sabuni alisikiliza noti mpaka foleni ikahama. Siku zisizo na noti bandia, sisi wazembe ndio tuliouza.

"Mlinzi hali upepo," akasema. "Mmea unaolisha walinzi wengi, mwaka usio na ugonjwa unazaa kidogo kuliko jirani yake asiyelinda kitu. Ndiyo maana wazembe nao hawatoweki."

Makopo akatuita stoo. Mama alifungua. Bibi Shamba aliingia akasimama mbele ya rafu, akashika kopo la kwanza, akaligeuza kwenye mwanga wa mlangoni, akashika la pili, na ule uchangamfu wake wote ukamtoka.

"Hii mistari ni nini?"

"Kila msimu, mbegu zinapofikia," Makopo akasema. "Nakwaruza tu, nisisahau."

"Misimu mingapi?"

"Tangu niolewe."

Hapo ndipo na mimi nilipoiona. Siku ile nilipochungulia nilitafuta mstari wa juu, sikuisoma hadithi. Aliiweka mistari kwa mpangilio, kila msimu pembeni ya uliotangulia, ukizungusha kopo unauona mwendo wake. Madoadoa: chini, chini, juu, juu tena, na sasa shambani yanashuka. Si mara moja, yalikuwa yameshafanya hivyo miaka sita kabla. Meusi yalipanda pale madoadoa yaliposhuka. Meupe manene, ambayo kutu huyala kama mkate, yalikuwa na mstari wake wa juu kabisa mwaka wa jua kali. Kila kopo lilikuwa limewahi kuwa bingwa na kila kopo lilikuwa limewahi kubaki na kiganja. Hakuna lililokuwa juu misimu mitatu mfululizo. Hakuna lililokuwa tupu.

"Ni wewe unayechagua kopo lipi lipande?" Bibi Shamba akamuuliza.

"Mimi? Hapana. Kutu na jua ndivyo vinavyochambua. Kazi yangu ni kutofukuza mtu tu."

Bibi Shamba akatuvuta nje, nyuma ya choo, ambako kuna maharage mwitu yanayotambaa kwenye uzio tangu sijazaliwa, hakuna ayapandaye wala ayalaye. Akageuza majani. Mche mmoja una vipele, wa pili safi, wa tatu una vile vidoti vyeusi. "Hapa hakuna Makopo," akasema. "Hakuna kopo wala msumari. Hata hivyo wote wapo. Anayezidi kuwa wengi, ugonjwa unamjifunza na kumpunguza. Aliye mchache anasahaulika, anaponea hapo, anaongezeka, kisha naye anajifunzwa. Ndivyo walinzi wa kila namna wanavyobaki, hata bila mtu. Wifi yako amefanya kwa makopo kile uzio huu unachofanya wenyewe."

Nilitaka kusema kitu cha kumpunguza, nikaishia kugeuza majani mengine mwenyewe nikitafuta kosa lake.

Mama alifungua fundo mbele yetu sote, akamkabidhi. Makopo aliupokea kwa mikono miwili. Nilipiga makofi, nikajikaza kisabuni, makofi yangu yakatoka kama mtu anayeua mbu.

Ningeishia hapo kama si soko. Kesho yake nilipofika kibandani nilikuta wake kwa waume wa kaya kumi na saba, kila mmoja na mche uliokauka mkononi.

"Dada Bei Moja, Mshindi huyu hapa, kalala."

"Ulituambia hashindwi."

"Tupe mbegu nyingine, msimu ndio huo unakuja."

Mbegu nyingine nilikuwa nazo? Madoadoa matupu. Nikafunga kibanda mchana, kitu ambacho sikufanya hata siku ya harusi yangu, nikaenda kugonga bati.

Alifungua yeye. Ufunguo alikuwa ameufunga kwenye pindo la nguo yake, fundo lile lile.

"Wifi," nikasema, "nikuombe radhi kwa lile neno la dawa." Nikalisema haraka, kama mtu anayemeza kidonge. "Na nahitaji mbegu. Mchanganyiko. Kaya kumi na saba. Taja bei."

Nilitegemea aseme "chukua". Nilishapanga hata kumdharau kidogo kwa hilo.

"Sina bei," akasema. "Nina sharti. Kila atakayechukua, akivuna, arudishe viganja viwili vya kile kilichopona shambani kwake. Na kiganja cha kile kilichokaribia kufa."

"Hicho cha pili cha nini? Watu watacheka. Nifutie hicho."

"Hapana."

"Basi kiganja kimoja kimoja."

"Viwili na kimoja."

"Wifi, mimi ndiye nitakayesimama sokoni kuwaeleza!"

"Ndiyo maana nakwambia wewe. Mimi sijui kuuza."

Nilizunguka kushoto, nikazunguka kulia. Nilinyamaza muda mrefu, silaha yangu kubwa, akanyamaza kunizidi. Nilianza kuondoka, akaanza kufunga mlango. Miaka kumi na moja alikuwa ananitazama nikifanya kazi, na mimi nikidhani ni mimi tu ninayemtazama yeye. Nikarudi, nikakubali viwili na kimoja. Bei Moja akalipa bei moja.

Alipokuwa anamimina kwenye beseni nikaona kopo la rangi, dogo kuliko yote, lenye nyekundu yangu. Juu ya mistari yake amekwaruza jina: Bei Moja.

"Mbona langu ndilo kopo dogo?" nikauliza.

"Ulinipa kiganja kimoja, wifi, na ufagio."

Sasa ni msimu wa nne tangu siku hiyo. Mchanganyiko nauza mimi, viganja vinarudi, rafu imeongezwa mbao mbili na mdogo wangu amechomelea vishikizo. Watu wakipita wananipungia mkono, wanasimama, wanachukua mbegu, kisha wananiuliza, "Makopo hajambo?" Hajambo, nawaambia. Meno yangu nayabana kidogo tu.

Kila baada ya kupura naenda stoo, naomba afungue, nazungusha lile kopo la rangi kwenye mwanga. Nyekundu ilipanda misimu miwili. Mwaka huu imeanza kushuka, na madoadoa, niliyetaka kumtupa mtaroni kwa hasira, ameongezeka vidole viwili. Makopo aliponiona nimeduwaa akaniuliza kama nataka ayapunguze madoadoa.

"Acha," nikamwambia. "Yatajifunzwa yenyewe."

Kisha nikachukua msumari mkononi mwake nikaukwaruza mstari wangu mimi mwenyewe, juu kidogo ya pale mbegu zilipofikia. Akaniona. Akausugua kwa majivu mpaka ukafifia, akakwaruza wa haki.

"Wifi," akasema, "kutu haibishani bei."